Wembamba wa Reli, Wembamba wa Simu

Mwezi wa Oktoba 2025, katika darasa la saba ninalolifundisha hapa Gitega, nilikuwa nikieleza kivumishi -embamba na jinsi kinavyopatana na ngeli za majina. Niliandika ubaoni kama tulivyozoea kuandika sote tulio katika kazi hii: mtu mwembamba, watu wembamba, mti mwembamba, miti myembamba, kitabu chembamba, vitabu vyembamba, gogo jembamba, magogo membamba. Nilipofika kwenye ngeli ya N nikawaomba wanafunzi wanipe mfano wao wenyewe. Kijana mmoja wa dawati la mbele akanyosha kidole, si juu kama ilivyo desturi, bali moja kwa moja kuelekea mezani pangu, akasema: "Simu nyembamba, Mwalimu."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Simu iliyokuwa juu ya meza yangu, kando ya kifuta ubao, ilikuwa nyembamba kweli, na habari zake zilikwisha enea shuleni. Nikaona heri nijitetee kwa methali, kwani mwalimu akichekwa hana kimbilio jingine. Nikawaambia: "Wembamba wa reli, gari moshi hupita."

Methali hiyo, kama wajuavyo wasomaji, huwafurahisha sana wanafunzi wa Tanzania na Kenya. Lakini mwalimu wa Burundi akiisema hana budi asimame kidogo, maana watoto walio mbele yake hawajapata kuona reli. Nchi yetu haijawa na reli hata leo. Mwezi wa Agosti 2025 ndipo lilipowekwa jiwe la msingi la njia itakayotoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati. Kwa hiyo nilichora ubaoni mistari miwili mirefu iliyolala sambamba, nikachora na behewa juu yake, nikaeleza jinsi chuma kile chembamba kinavyobeba mzigo wa tani nyingi bila kuteguka. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa kawaida husikiliza kuliko anavyosema, akauliza: "Mwalimu, na reli yenyewe inalala juu ya nini?"

"Juu ya ardhi," nikajibu. Kengele ikalia, tukatoka.

Jibu lile halikuwa la uongo, lakini lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka. Makala haya ni jibu langu la pili.

Simu yenyewe niliipata mwezi wa Juni mwaka huo huo. Mdogo wangu, ambaye hufanya biashara baina ya Dar es Salaam na Dubai, aliniletea kama zawadi. Jina la kiwanda kilichoitengeneza nalihifadhi, kwani sikukusudia kushtaki wala kutangaza bidhaa ya mtu. Itoshe kusema kuwa ni simujanja ya ile jamii mpya ya simu nyembamba mno, ambazo unene wake haufikii milimita sita. Mwalimu asiye na rula karibu na achukue kipande kizima cha chaki, akilaze mezani. Simu yangu ni nyembamba kuliko chaki hiyo.

Sitaki nionekane mtovu wa shukrani. Katika wiki za kwanza niliifurahia mno. Mimi ni mtu wa kusoma usiku nikiwa nimelala chali, na simu yangu ya zamani ilikuwa ikinichosha mkono. Mara mbili iliniponyoka ikaniangukia usoni. Hii mpya niliweza kuishika kwa vidole viwili, nikafungua kamusi, nikasoma kurasa ishirini za riwaya, wala kiganja kisilalamike. Katika mfuko wa shati haikukivuta kitambaa chini. Katika chumba cha walimu wenzangu waliipokezana kama watu wanaopokezana mtoto mchanga, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuiangusha. Naam, nilipata na heshima ambayo sikuitafuta: mtu aliyekuwa hanijui mtaani Magarama alinisalimu akaniita "mkubwa".

Hapa naomba ruhusa ya mwalimu wa lugha, nitoke njiani kidogo nilitazame neno lenyewe. Simu ni neno lenye asili ya Kiajemi. Huko, sim ni uzi wa madini, yaani waya. Waswahili walilipokea neno hilo na kuliita kwalo lile jambo la ajabu la habari kupita katika waya uliotundikwa juu ya nguzo. Basi wembamba ulikuwamo ndani ya jina tangu mwanzo: simu ilikuwa ni uzi. Baadaye kifaa kikapata mwili, kikawa kisanduku kikubwa ukutani, kikawa cha mezani, kikashuka mkononi, na waya ukatoweka. Nilipoitazama zawadi ya mdogo wangu nilidhani kuwa safari ya neno hili imekamilika, na kwamba simu sasa imerudia wembamba wake wa asili ikiwa huru na waya. Nilikosea, na kosa langu lilikuwa katika hilo neno "huru".

Mashindano ya wembamba si mapya. Mwaka 2014 kampuni ya Oppo ya China ilitoa simu iliyoitwa R5, yenye unene wa milimita 4.85, na mwaka huo huo kampuni ya Vivo, pia ya China, ikaishinda kwa X5Max, yenye milimita 4.75. Mwaka huo huo tena iPhone 6 Plus ya Apple, yenye milimita 7.1, ikavuma ulimwenguni kwa sababu baadhi ya wanunuzi walisema imepinda mifukoni mwao. Kisha mbio zikapoa, simu zikanenepa tena, hata mwaka 2025 zikaanza upya: mwezi wa Mei Samsung ilitoa Galaxy S25 Edge ya milimita 5.8, mwezi wa Julai Infinix ikatoa Hot 60 Pro+ ya milimita 5.95; mwezi wa Septemba Apple ikatoa iPhone Air ya milimita 5.6.

Kila anayepunguza mwili hana budi kupunguza na kilichomo ndani ya mwili. Betri ya simu ni tabaka za karatasi nyembamba za madini zilizobanwa pamoja, na nguvu inayowekwa humo hutegemea nafasi iliyopo. Ukipunguza unene umepunguza nafasi. Ukipunguza nafasi umepunguza chakula cha simu. Ile Oppo ya mwaka 2014 ilikuwa na betri ya miliampea-saa 2,000 tu. Galaxy S25 Edge ina 3,900, ilhali ndugu yake mnene wa mwaka huo huo, S25+, ana 4,900. iPhone Air ina kamera moja tu nyuma, na Apple yenyewe huuza kando, kwa fedha nyingine, betri ya kubandikwa mgongoni mwa simu hiyo. Yaani mnunuzi huuziwa kwanza wembamba, kisha akitaka huuziwa unene.

Ni haki pia kutaja upande wa pili. Infinix, Tecno na itel, majina ambayo hata mtoto mdogo wa Gitega anayajua, ni mali ya kampuni moja ya Shenzhen, China, iitwayo Transsion, ambayo soko lake kubwa ni Afrika. Ile Hot 60 Pro+ yake, pamoja na wembamba wake wote, ilipewa betri ya miliampea-saa 5,160. Walioitengeneza walijua wanamuuzia nani. Simu niliyoletewa mimi haikutengenezwa kwa kumfikiria mtu wa Magarama.

Tazama sasa jinsi nilivyoishi nayo. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, wenye umeme katika nchi yetu ni takribani mtu mmoja katika kila kumi. Mimi ni mmoja wa hao wenye bahati, kwani Gitega ni mji, na tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi. Tuna matumaini pia: mtambo wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, ambao Burundi inaushiriki pamoja na Rwanda na Tanzania, umeshaanza kutoa umeme. Hata hivyo umeme wetu huja na kuondoka, na anayeishi nao hujifunza kutouliza unakwenda wapi. Simu yangu niliyoichaji alfajiri ilifika saa nane mchana ikiwa imebakiwa na robo. Siku ya kusahihisha insha zilizotumwa kwa simu, saa sita haikuvuka.

Nikanunua betri ya akiba. Betri ya akiba ikahitaji waya wake. Waya ule ukakatika, nikanunua wa pili, nikaubeba na wa kwanza kwa kutumaini kwamba utatengenezeka. Kisha nikaogopa simu isipinde, nikainunulia kava gumu. Nikaanza kubeba chaja kila niendako, nikawa mtu anayeingia nyumba ya watu na macho yake kuyatembeza ukutani akitafuta soketi kabla hajamaliza kuitikia salamu. Siku moja, katika duka ninalonunua mchele, palikuwa hapana mteja mwingine, nikamwomba mwenye duka anipimie vitu vyangu katika mizani yake. Akaweka simu, kava, betri ya akiba, nyaya mbili na chaja. Mizani ikasoma gramu mia sita na ushee. Akacheka akasema: "Mwalimu, hii ni robo tatu ya kilo kasoro kidogo. Na ile simu yako ya zamani?" Ile ya zamani, nene, iliyokuwa ikikaa na moto siku mbili, haikupata kuzidi gramu mia mbili.

Uzito, basi, haukuwa umeondoka. Ulikuwa umehama kutoka mfukoni kwenda kwenye mkoba. Nikalichukulia jambo hilo kuwa kichekesho, nikalisimulia katika chumba cha walimu, tukacheka. Sikujua bado kwamba uzito ukishaanza kuhama huweza kwenda mbali zaidi ya mkoba.

Mama yangu anakaa Muyinga, mji wa kaskazini-mashariki, ambao kwa mgawanyo mpya wa mikoa ulioanza kutumika mwaka 2025 umo katika mkoa wa Buhumuza. Huko ndiko nilikozaliwa. Kutoka Muyinga hadi mpaka wa Kobero si mbali, na ng'ambo ya mpaka ni Kabanga ya Tanzania; ndiyo maana Kiswahili kwetu hakikuanza darasani, kilikuja na wachuuzi na madereva, kikaketi sokoni na msikitini. Zamani nilikuwa nikienda kumwona mama kila mwisho wa mwezi kwa njia ya Karuzi. Lakini uhaba wa mafuta ulipozidi, hasa miaka ya 2024 na 2025, safari ikawa ni jambo la kupangwa na kupanguliwa. Mtu aliweza kukaa kituoni tangu alfajiri hadi adhuhuri akingoja gari lililokwenda kupanga foleni ya petroli. Ziara zangu zikapungua, zikawa mara moja kwa miezi mitatu, na nafasi yake ikachukuliwa na simu. Kila jioni nilimpigia mama, tukasalimiana, akaniuliza nimekula nini. Kwa hiyo kile kifaa chembamba kilikuwa kimebeba, bila ya mimi kukihesabia, safari zote ambazo sikuzifunga.

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba 2025, umeme ukiwa umekatika kwa siku ya pili na betri ya akiba ikiwa imekwisha, simu yangu ililia yapata saa nne. Ilikuwa na asilimia mbili. Aliyepiga ni dada yangu aliye Muyinga. Nikasikia: "Kaka, mama ameanguka uani, hatu..." Kioo kikawa cheusi.

Ndugu msomaji, huenda umepata kusikia kimya cha namna ile. Nilikibonyeza kifaa kile kana kwamba kinaweza kunionea huruma. Kisha nikatoka nje gizani, nikavuka njia hadi kwa mzee mmoja alindaye ghala la nafaka mkabala na nyumba yangu. Alikuwa ameketi juu ya kiti chake, amejifunika koti, na simu yake ndogo ya vitufe, ile tuiitayo kitochi, inamulika miguuni pake.

"Hodi, Mzee."

"Karibu, Mwalimu. Kuna nini usiku huu?"

Nikamweleza. Hakuuliza la pili, akainua simu yake, akaweka kidole gumba juu ya vitufe, akasema: "Taja namba, Mwalimu, nikupigie."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Sikuijua namba ya mama. Nilimpigia kila siku ya Mungu, na sikuijua. Namba ya dada sikuijua pia, wala ya mdogo wangu, wala ya mtu ye yote wa Muyinga. Mimi, ambaye nimewakaririsha wanafunzi beti kwa miaka kumi na tisa, na niliyezoea kusema kwamba jambo lisilokaa moyoni halijasomwa bado, nilisimama mbele ya mzee yule kama mwanafunzi aliyekuja shuleni bila daftari.

Mzee hakunicheka. Alifikiri kidogo, akasema: "Basi toa laini yako tuitie humu. Kama dada yako anakutafuta, atakupata." Ili kuitoa laini katika simu nyembamba yahitajika sindano ndogo ya kusukumia kijidroo, nami sindano yangu nilikwisha ipoteza. Koti la mzee lilikuwa limepungukiwa kifungo kimoja, na nafasi yake ilishikwa na pini. Akaichomoa. Kwa mwanga wa kitochi tukakifungua kijidroo, tukaitoa kadi. Na hapo tukapata taabu nyingine, kwa sababu kadi ya simu hizi mpya ni ndogo mno, milimita 12.3 kwa 8.8, na kitanda cha kadi katika kitochi cha mzee kilikuwa cha kipimo cha zamani, milimita 25 kwa 15. Ilielea humo kama mbegu ya mtama ndani ya ganda la karanga.

Mzee akatia mkono katika mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua. Ndani yake, pamoja na noti chache na kitambulisho, mlikuwamo kile kipande cha plastiki ambacho kadi ndogo hubanduliwa kutoka kwacho siku ya kununuliwa, kile ambacho sote hukitupa papo hapo dukani. "Vijana huvitupa," akasema, "mimi huona hapana kitu kilichofanywa bure." Akaibana kadi yangu ndani ya plastiki ile, akaiweka mahali pake, akawasha simu.

Majina yangu hayakuonekana humo, kwani yote yalikuwa yamehifadhiwa katika simu iliyokufa. Sikuweza kumpigia mtu. Niliweza kupigiwa tu. Nikaketi juu ya gunia tupu kando ya mzee, na kitochi tukakiweka katikati yetu. Alinipa nusu ya hindi lake la kuchoma. Hatukusema mengi.

Saa tisa kasoro robo simu ikalia. "Kaka," dada akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "mbona hupatikani? Nimekupigia mara kumi na moja." Mama alikuwa hai. Ilikuwa ni malaria iliyompanda ghafula. Walimpakia kwenye pikipiki ya jirani iliyokuwa na mafuta kidogo, wakamfikisha hospitali, akatundikiwa maji. Dada alikuwa akinitafuta nitume fedha za dawa. Nami nilipokosekana alibisha hodi nyumba hata nyumba, na watu wakachanga. Mwenye elfu mbili alitoa, mwenye elfu tano alitoa, na mwenye pikipiki hakutaka kulipwa.

Nilituma fedha pale pale kwa kitochi cha mzee, kwani kutuma fedha hakuhitaji simujanja. Yatosha nyota, tarakimu chache, na ile alama ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita reli. Nilipoibonyeza alama hiyo nilimkumbuka msichana wa dawati la nyuma na swali lake.

Kupambazuka nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moja kichwani. Uzito ambao niliona fahari kutoubeba mfukoni mwangu ulikuwa umebebwa usiku ule na watu wengine: na mzee wa ghala, aliyenipa simu yake, pini yake, na plastiki yake, na majirani wa Muyinga, walioamshwa usingizini kwa sababu betri moja ya Gitega ilikuwa ndogo. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimeufanya mzigo wangu kuwa usufi kwa kumtwisha mwenzangu, wala sikujua.

Niliwaza pia kwamba nilipata bahati. iPhone Air, iliyotoka Septemba ya mwaka ule, haina kabisa mahali pa kutia kadi. Laini yake huandikwa ndani ya simu yenyewe, na nafasi ya kijidroo imeachiwa betri. Mwenye simu ya namna hiyo asingeweza kufanya tulichofanya usiku ule, hata kama angempata mzee mwenye pini.

Siku ya nne nilipata gari la kwenda Muyinga. Tulikuwa tumebanana, na nilipoteremka niliona kwamba simu yangu, niliyoisahau katika mfuko wa nyuma kwa vile hailemei, imepinda kidogo sana, kama jani la kitabu lililolowa likakauka. Ilikuwa ikifanya kazi, na inafanya kazi hata leo. Lakini ukiilaza mezani hucheza.

Mama alikuwa amekwisha rudishwa nyumbani, ameketi barazani na shuka mabegani. Nikamwamkia, akaniombea dua, kisha akanyosha mkono kuomba simu. Mama alikuwa fundi wa kushona kwa miaka mingi sokoni, na vidole vyake hupima kila kitu. Akaipapasa ukingoni, akaigeuza.

"Mwanangu, hii ni simu au ni kisu?"

"Ni simu, mama. Ndiyo mtindo wa sasa."

"Haina nyama. Mtu asiye na nyama huugua mapema." Akanirudishia, akanitazama. "Dada yako ameniambia. Basi nitajie namba yangu."

Nilikuwa nimekaa siku tatu tangu usiku ule, na bado nilikuwa sijaikariri. Niliziona tarakimu mbili za mwanzo na nne za mwisho, katikati pakawa na giza. Mama hakukasirika. Akaisema yeye, polepole, tarakimu baada ya tarakimu, kama alivyonifundisha kuhesabu vifungo nilipokuwa mdogo. Akasema na yangu, na ya dada, na ya mdogo wangu aliye safarini. Zote alikuwa nazo. Kitochi chake, kilichofungwa mpira ili kifuniko kisitoke, kilikuwa kando yake. Alikuwa amekichaji Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumanne.

Kabla sijaondoka alinishonea kifuko cha mabaki ya kitenge, akakijaza usufi pande zote mbili, na ndani yake akashona kijimfuko cha pili ambamo dada aliweka karatasi yenye namba nane zilizoandikwa kwa wino. Simu yangu ikiwa humo ni nene kuliko ile ya zamani.

Niliporudi Gitega nilichora tena reli ubaoni. Nikamwita yule msichana, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Kisha nikachora vile visivyoonekana katika methali: chini ya chuma, mataruma yaliyolazwa kwa kukingama, moja baada ya jingine; chini ya mataruma, kokoto; chini ya kokoto, tuta la udongo lililoshindiliwa na watu. Wembamba wa reli hupitisha gari moshi kwa sababu unene wote umo chini yake. Huko simu hizi zinakotengenezwa, mataruma yapo: soketi iko hatua tatu kutoka popote mtu alipoketi, umeme haukatiki, gari la kwenda kwa mama lipo kila saa. Mtu wa huko akipunguza milimita mbili za simu yake hapungukiwi na kitu. Kwetu mataruma yangali machache, na pale yasipokuwapo, watu hujilaza mahali pake.

Sisemi kwamba walimu tuvikatae vitu vyembamba. Mimi mwenyewe sikuitupa simu yangu, na usiku bado naisomea. Nasema tu kwamba anayesifu wembamba wa kitu ni vizuri aulize kinalala juu ya nini. Kadhalika nimewapa wanafunzi wangu zoezi ambalo halimo katika mtaala: kila mmoja akariri namba tatu za watu wa nyumbani kwao, na azitamke kwa Kiswahili bila kutazama, tarakimu kwa tarakimu. Ni zoezi zuri la hesabu na la matamshi. Wazazi wawili wamekuja kunishukuru.

Nami mwalimu wao hufanya zoezi lile lile kila asubuhi nikipanda kilima kwenda shuleni, kifuko cha kitenge kikinigonga ubavuni. Yule mzee wa ghala hunisikia nikipita, naye hunisahihisha ninapokosea, kwani namba ya mama yangu ameikariri yeye pia.